Ukimfukuza mbwa, viroboto watakugeukia wewe

Huenda kisa hiki kimewahi kukupata. Umefunga nyumba mwezi Desemba, umekwenda mashambani na jamaa yako kwa sikukuu, na mmerudi Nairobi baada ya majuma matatu. Unafungua mlango, unaweka mizigo sebuleni, na kabla hujapata hata nafasi ya kuteleka chai, watoto wameanza kujikuna miguu. Unatazama soksi zako na kuona vidoa vyeusi vinavyorukaruka. Nyumba haikuwa na mtu. Paka alikuwa amepelekwa kwa jirani. Na siku mliyoondoka hakuna aliyekuwa akilalamika. Je, viroboto hawa wametoka wapi?

Aghalabu lawama humwangukia mtu. Keateka huambiwa kwamba ploti yake ni chafu, jirani mwenye mbwa hununiwa, na mfanyakazi wa nyumbani huulizwa kama kweli alikuwa akipiga deki au alikuwa akimwaga maji tu. Ukweli, msomaji, ni kwamba viroboto hao walikuwamo ndani ya nyumba yako hata kabla hujafunga mlango. Walikuwa wakingoja. Nyayo zenu ndizo zilizowaamsha.

Ukilielewa jambo hilo moja, utaelewa pia ni kwa nini dawa uliyopuliza mwaka jana haikufaa kitu, na ni kwa nini watu wengi hutumia fedha nyingi na hata kuhatarisha watoto wao wakipigana na mdudu ambaye hawajui anaishi wapi.

Mdudu mwenyewe

Kiroboto hana mabawa. Ana rangi ya hudhurungi iliyokoza na urefu wa milimita 2 au 3 hivi. Mwili wake umebanwa ubavuni kama wa samaki, na ndiyo sababu hupenya kwa wepesi katikati ya manyoya. Ngozi yake ni ngumu: ukimfinya kwa ncha za vidole, ukimwachilia ataruka zake akiwa mzima. Anaweza kuruka sentimita 20 hivi kwenda juu, yaani kama mara mia ya urefu wa mwili wake.

Duniani kuna aina zaidi ya 2,000 za viroboto. Anayetusumbua sana katika nyumba za mjini huitwa kiroboto wa paka. Jina hilo lisikupoteze, kwa maana huyo huyo ndiye anayepatikana kwa mbwa wengi pia. Yuko kiroboto wa panya, ambaye tutamrudia baadaye. Na yuko yule ambaye Wakenya wanamfahamu vyema zaidi, ingawa wengi hawajui kwamba ni wa ukoo huu: funza. Naam, funza ni kiroboto ambaye jike lake hujichimbia ndani ya ngozi ya mguu. Asili yake ni Amerika Kusini. Alivuka bahari katika karne ya 19 hadi Afrika Magharibi, na kufikia mwisho wa karne hiyo alikuwa amefika pwani yetu. Tiba yake ni tofauti na inahitaji makala yake yenyewe, kwa hivyo leo tutamwacha hapo.

Usimchanganye kiroboto na kunguni. Kunguni ni mpana, bapa, haruki, na huja kitandani usiku; alama zake mara nyingi huwa mikononi, shingoni na mgongoni. Kiroboto huuma hata mchana, na kwa kuwa anaruka kutoka sakafuni, alama zake nyingi huwa kwenye vifundo vya miguu na chini ya magoti. Mtoto anayetambaa, bila shaka, huumwa popote. Nataja tofauti hii kwa sababu watu huchoma magodoro kwa ajili ya viroboto, na godoro halikuwa na kosa.

Walio sakafuni

Kiroboto mzima akishapanda juu ya paka au mbwa hataki kushuka. Hapo ana chakula, joto na maficho. Jike hunywa damu, na katika muda wa siku moja au mbili huanza kutaga. Anaweza kutaga mayai 40 au 50 kwa siku. Mayai hayo ni meupe, madogo kama chembe za chumvi, na hayanati kwenye manyoya. Paka akijinyosha juu ya kochi, mayai huanguka kochini. Akilala chini ya kitanda cha mtoto, huanguka hapo. Mnyama mwenye viroboto ni kama mtu anayezungukazunguka nyumbani na kopo la chumvi lililotoboka.

Pamoja na mayai huanguka vumbi jeusi, ambalo ni kinyesi cha viroboto wazima. Kwa kweli ni damu iliyokauka. Ukitaka kuthibitisha, weka karatasi nyeupe iliyoloweshwa chini ya mbwa wako, kisha umchane mgongoni karibu na mkia. Uchafu wa kawaida utabaki mweusi. Kinyesi cha kiroboto kitayeyuka na kuacha alama nyekundu yenye rangi ya kutu.

Damu hiyo kavu ndiyo chakula cha watoto wao. Mayai huanguliwa baada ya siku chache na kutoa mabuu, vijidudu vyeupe vilivyo kama nyuzi, visivyo na miguu wala macho. Mabuu hawaumi mtu. Wanachotaka ni giza na unyevu. Hujipenyeza hadi kwenye shina la zulia, katika nyufa za sakafu ya mbao, chini ya mito ya sofa, na kwenye lile gunia la kupangusia miguu mlangoni ambalo hakuna anayekumbuka lilifuliwa lini. Jua kali na ukavu huwaua, lakini jua la Nairobi halifiki chini ya kabati.

Baada ya juma moja au mawili, na zaidi wakati wa baridi ya Julai, buu hujisokotea kifuko. Uzi wa kifuko hicho unanata, kwa hivyo vumbi na nyuzi za zulia hukifunika mpaka huwezi kukitambua. Humo ndani buu hugeuka kuwa kiroboto kamili. Sasa hapa ndipo penye siri. Kiroboto huyo si lazima atoke mara moja. Akihisi kwamba hakuna mnyama wala mtu karibu, anaweza kukaa ndani ya kifuko kwa majuma, hata miezi kadhaa, bila kula chochote. Anangoja ishara tatu: mtikisiko wa nyayo, joto la mwili, na pumzi. Akizipata, hutoka kwa dakika chache na kuruka juu ya chochote kilicho karibu.

Hebu rudi sasa kwenye ile nyumba iliyofungwa Desemba. Kwa majuma matatu mayai yaliendelea kuanguliwa na mabuu kujifunga vifuko, na hapakuwa na mtu wa kuwatoa mmoja mmoja. Mlipoingia na mizigo, mkakanyaga zulia watu watano kwa pamoja, mlikuwa mmepiga kengele ya chakula.

Wataalamu hukadiria kwamba kati ya kila viroboto 100 walio nyumbani, wazima unaowaona ni kama 5 tu. Waliobaki ni mayai, mabuu na wale waliomo ndani ya vifuko. Dawa nyingi za kupuliza huwaua wale 5. Baadhi huwaua mabuu pia. Lakini hakuna dawa ya kawaida ya nyumbani inayopenya vizuri ndani ya kifuko, na ndiyo sababu siku 10 baada ya kupuliza unaona viroboto tena na kudai kwamba mwenye duka alikuuzia maji.

Mwandishi wa makala haya alijifunza somo hili kwa njia mbaya. Miaka kadhaa iliyopita, tukikaa katika nyumba ya kupanga yenye sakafu ya mbao, tulichoshwa na viroboto tukaamua mbwa aondoke. Alipelekwa kwa shemeji anayekaa nje ya mji. Tulidhani shida imekwisha. Kwa kweli ndiyo kwanza ilikuwa ikianza, kwani viroboto waliotoka katika nyufa za mbao hawakumpata mbwa, wakatupata sisi. Watoto waliokuwa wakiumwa mara moja moja sasa walikuwa na miguu yenye vipele kutoka kifundo hadi goti. Daktari wa mifugo tuliyemweleza mambo hayo alicheka. Alisema mbwa yule, kama angepakwa dawa ifaayo, angekuwa ndiye mtego bora zaidi tuliokuwa nao.

Madhara yake

Kwa watu wengi kuumwa na kiroboto ni mwasho tu, vipele vidogo vyekundu ambavyo mara nyingi huwa viwili vitatu karibu karibu. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa kilichotiwa maji baridi, na upake losheni ya kalamini. Kata kucha za mtoto ziwe fupi, kwani madhara mengi hutokana na kujikuna: ngozi hupasuka, uchafu huingia, na kipele hugeuka kuwa kidonda chenye usaha. Hapo mpeleke zahanati. Usimpake mafuta ya taa.

Watu wengine wana mzio, na kuumwa mara moja huwavimbisha mguu. Ikiwa mtu mmoja nyumbani anateseka na wengine hawahisi kitu, usimwambie kwamba anajifanya. Damu haziko sawa.

Viroboto huwaambukiza pia mbwa na paka minyoo ya tegu. Buu humeza mayai ya tegu, na mnyama anapojilamba na kummeza kiroboto, mnyoo huanza kukua tumboni mwake. Mtoto mdogo anayecheza na paka sakafuni naye anaweza kummeza kiroboto kwa bahati mbaya. Ukiona vipande vyeupe kama punje za mchele katika choo cha mtoto au karibu na mkia wa paka, mweleze daktari. Dawa yake ipo. Watoto wa mbwa na wa paka wenye viroboto wengi huweza kuishiwa damu kabisa na kufa.

Kisha kuna kiroboto wa panya. Huyu ndiye aliyebeba tauni. Mwaka 1898 Mfaransa Paul-Louis Simond, akifanya utafiti mjini Karachi, alionyesha kwamba ni kiroboto anayehamisha ugonjwa huo kutoka panya mmoja hadi mwingine. Miaka michache tu baadaye, mwaka 1902, tauni ilizuka Nairobi, wakati huo mji mchanga wa reli, na soko la Wahindi likateketezwa kwa moto kwa amri ya wakuu wa afya. Wilayani Lushoto, kwa majirani zetu Tanzania, ugonjwa huo ulizuka mara kwa mara kuanzia mwaka 1980 kwa zaidi ya miaka 20. Leo tauni hutibiwa kwa dawa za kuua viini ikiwa mgonjwa atafika hospitalini mapema. Sisemi haya ili kukutisha. Nasema kwa sababu ya kosa moja linalofanywa katika mitaa yetu kila siku.

Kosa lenyewe ni hili: mtu huweka sumu ya panya darini, panya wanafia humo humo, na hakuna anayewatoa. Mzoga unapopoa, viroboto huuacha na kutafuta mwili mwingine wenye joto. Ikiwa una panya na viroboto kwa pamoja, shughulikia viroboto kwanza au vyote kwa wakati mmoja. Tumia mitego inapowezekana, ili umwone panya aliyekufa na umwondoe siku hiyo hiyo. Usimshike kwa mkono mtupu. Vaa mfuko wa plastiki mkononi, kisha umfukie mbali na nyumba. Kiroboto wa panya hubeba pia homa ya tifasi, ambayo si ile homa ya matumbo tuliyoizoea. Mtu mwenye homa kali, maumivu ya kichwa na vipele mwilini, ambaye amekuwa akiumwa na viroboto, amtajie daktari jambo hilo. Wengi hawataji kwa kuona haya.

Chupa zisizo na jina

Ukipita kwenye steji yoyote kubwa jijini utamsikia mchuuzi akitangaza dawa ya kunguni, mende, viroboto na panya, yote katika chupa moja ndogo. Chupa haina karatasi, haina maelezo. Unachonunua huenda ni sumu ya mashambani iliyopunguzwa kwa maji, iliyokusudiwa kupulizwa shambani na mtu aliyevaa glavu. Wewe unakwenda kuimwaga kwenye zulia ambalo mtoto wa miezi minane atatambaa juu yake kesho asubuhi na kisha kutia vidole mdomoni.

Kwa maoni yangu hapa ndipo penye hatari kubwa kuliko ya kiroboto mwenyewe. Dalili za sumu ya namna hiyo ni mate na machozi kutoka kwa wingi, jasho, kutapika, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, na kupumua kwa shida. Ukiziona, usimlazimishe mgonjwa kutapika wala usimnyweshe maziwa ukidhani ni tiba. Mvue nguo zenye dawa, mwoshe ngozi kwa maji na sabuni, mkimbize hospitalini, na ubebe chupa yenyewe hata kama haina jina.

Dawa iliyoidhinishwa nchini huwa na nambari ya usajili wa bodi ya PCPB kwenye karatasi yake, pamoja na maelezo ya kiasi na jinsi ya kuitumia. Kama hakuna nambari, iache dukani.

Mwenye paka ana jambo la ziada la kujua. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, na permethrini humwua paka. Mtu hununua dawa ya matone ya mbwa, anaona imebaki kidogo, anaimalizia kwa paka. Baada ya saa chache paka anatetemeka na kukakamaa. Usifanye hivyo hata kwa tone moja. Mafuta ya taa nayo huunguza ngozi ya mnyama, naye akijilamba hudhurika mapafu.

Watu huuliza kuhusu pareto yetu, ambayo kwa miaka mingi iliifanya Kenya iongoze duniani kwa zao hilo. Ni kweli kwamba unga wa pareto huangusha viroboto wazima haraka. Lakini nguvu yake huisha upesi ikipigwa na mwanga, na haiwafikii walio kwenye vifuko. Ni msaidizi mzuri, si mkombozi.

Kazi yenyewe

Anza siku moja kwa kila kitu. Ukimtibu mbwa leo na kusafisha nyumba mwisho wa mwezi, umepoteza fedha. Wanyama wote wa nyumbani watibiwe pamoja kwa dawa aliyokuelekeza daktari wa mifugo, na uendelee kila mwezi kwa miezi mitatu angalau, hata ukiona wamepona. Muda huo ni wa kuwamaliza wale waliomo vifukoni. Kama huna uwezo wa kununua dawa kila mara, mchane mnyama kila siku kwa chanuo lenye meno yaliyobanana, na kila mara ulitumbukize chanuo katika bakuli la maji yenye sabuni. Sabuni hupunguza ule mvutano wa juu ya maji unaomwezesha kiroboto kuelea, naye huzama.

Siku hiyo hiyo toa nje makochi, mito, zulia na mikeka. Zulia lipigwe na lianikwe juani kutwa, upande wa chini ukitazama juu. Fua kwa maji ya moto mablanketi, vitambaa vya makochi, matandiko ya mnyama, na lile gunia la mlangoni. Au afadhali ulitupe. Fagia kila pembe, hasa penye giza: chini ya vitanda, nyuma ya kabati, kando ya kuta. Taka usiziache kwenye pipa la jikoni. Zichome, au uzifunge ndani ya mfuko na kuzitoa nje mara moja. Kisha piga deki kwa maji ya moto yenye sabuni, na uhakikishe yanaingia katika nyufa. Mwenye sakafu ya mbao afikirie kuziziba nyufa hizo. Ni gharama ya mara moja. Mwenye sakafu ya udongo ainyunyizie maji kidogo kabla ya kufagia ili vumbi lisiruke, na akiweza aisiribe upya.

Ikiwa utapuliza dawa, uliza dukani kama ina kitu cha kuzuia mabuu wasikue, kama methoprini au piriproksifeni. Hiyo ndiyo inayowafikia wale ambao huwaoni. Watu na wanyama watoke nje, vyakula na vyombo vifunikwe, na msirudi mpaka sakafu ikauke na madirisha yawe yamefunguliwa kwa muda wa kutosha.

Baada ya hapo utaona viroboto tena. Nakuambia mapema ili usivunjike moyo na kukimbilia mchuuzi wa steji. Kwa majuma mawili au zaidi vifuko vitaendelea kufunguka. Fagia kila siku, tembea vyumbani, hata kile chumba cha wageni kisichotumika, kwani mtikisiko huwatoa nje wakakutana na dawa au na mnyama aliyetibiwa. Usifunge nyumba kwenda safari wakati huo. Usiku unaweza kuweka beseni la maji yenye sabuni sakafuni chini ya taa. Viroboto hufuata joto na mwanga na kuzama humo. Beseni haliwezi kumaliza tatizo, lakini hukuonyesha hali ilivyo. Liweke mbali na watoto.

Kipimo kingine hakina gharama. Vaa soksi ndefu nyeupe, zivute hadi magotini, na utembee polepole katika kila chumba kwa dakika tano. Hesabu viroboto waliorukia soksi na uandike idadi kwenye kalenda ya ukutani. Rudia kila Jumamosi. Nyumbani kwetu Jumamosi ya kwanza walikuwa 31. Ya nne walikuwa 6, na watano kati yao walitoka katika chumba kimoja, nyuma ya cherehani ambayo hakuna aliyekuwa ameisogeza. Tuliisogeza. Jumamosi ya saba soksi zilirudi nyeupe, na tukaendelea kuhesabu kwa majuma mengine matatu kabla ya kumrudisha mbwa.